Mpaka Mashine Imtaje Birindwa

Kuna baba wakwe wanaodai ng'ombe, kuna wanaodai diploma, na kuna muzee Birindwa wa Katoyi, aliyedai jambo ambalo hakuna baba mkwe mwingine mjini Goma aliyewahi kulifikiria hata ndotoni.

“Rodrigue, ba oncle yako wasikuye kuposa hapa kwangu mpaka siku ile mashini itasema jina yangu.”

Aliyasema hayo akiwa ameinamia kazi yake, nyundo mkononi, bila hata kumtazama kijana. Rodrigue alikuja amevaa shati la kola na viatu vilivyong'arishwa mpaka kamba. Alikuwa amejiandaa kwa maswali yote ambayo baba wa msichana huuliza: unasali wapi, unaishi na nani, kwa nini mtu wa milima ya Masisi anakuja kutafuta mke kwa watu wa Bukavu wakati Masisi nako kuna wasichana. Hilo la mashine hakujiandaa nalo. Akabaki ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akitabasamu tabasamu la mtu asiyejua kama ametukanwa au amekaribishwa.

Birindwa alikuwa fundi wa mbabula, majiko ya makala. Alichukua mapipa ya chuma yaliyochoka, akayakata, akayapiga nyundo, akayatia miguu na kilango cha majivu, na ndani akayapaka udongo mzito wa kushika joto. Alitengeneza za aina tatu: ya nyumba, ya soko na ya arusi. Wamama wanaokaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, kule Kituku walimjua. Mapadri waliopikia wageni wa ubatizo walimjua. Katoyi nzima ilimjua. Lakini mdogo wake Munguakonkwa, anayekaa Bukavu, alinunua simu mpya, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo aliyepumzika. Aligundua kwamba ndani ya simu kuna akili mnemba, mashine inayojibu kila swali kwa upole kama katekista. Akaiuliza bei ya mafuta, ikajibu. Akaiuliza dawa ya mgongo, ikajibu. Akaiuliza ni nani Goma anayetengeneza mbabula kubwa za arusi. Mashine ikafikiri kidogo, ikaomba radhi, ikasema haikumpata mtu wa namna hiyo, ikamshauri aulizie sokoni.

Munguakonkwa akampigia kaka yake simu kumchekea. Birindwa naye alicheka, maana ndugu ni ndugu, lakini alipoweka simu chini hakuendelea kucheka. Iliuma.

“Na site njo wewe uliitengeneza,” alimwambia Rodrigue sasa. “Miaka inapita, iko pale ndani ya internet, na mashini haijue kama niko. Kama kazi yako haijue kusema jina ya baba, nyumba ya mutoto wangu itasimama juu ya kazi gani?”

Hapo Rodrigue hakuwa na pa kujificha. Kutengeneza tovuti ndiyo kazi iliyomlisha, na ile ya Birindwa aliitengeneza bila malipo, kwa nia ambayo hata mbuzi wa jirani aliielewa: alitaka kisingizio cha kumwona Gisèle, binti wa muzee.

Muzee akapanga mambo. Kwaresima ilikuwa imeanza, na katika Kwaresima familia yake haikupokea posa. Jumapili baada ya Pasaka Munguakonkwa angepanda meli kutoka Bukavu. Familia ya Rodrigue ingeweza kuja siku hiyo kwa présentation, yaani kujitambulisha na kuposa. Munguakonkwa angeiuliza mashine kwa simu yake mwenyewe, mbele ya watu wote. Ikimtaja Birindwa, wazee wataongea ng'ombe.

“Na isipokutaja, Papa?”

“Tutakunywa Fanta, na kila mutu atarudia kwake.”

Gisèle alikuwa anamngoja kwenye bomba la maji, mikono imejaa udongo, maana yeye ndiye aliyepaka mbabula za baba yake kwa ndani. Aliposikia sharti alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Kisha akaacha kucheka.

“Papa hafanyake mchezo akiwa na nyundo mukononi,” alisema. “Rodrigue, ile kitu lazima ifanyike.”

“Itafanyika.”

“Mimi siko nataka kunywa Fanta.”

Rodrigue alimpenda sana saa ile. Alimpenda kila saa, lakini saa ile kwa nguvu ya pekee, na woga ukampanda palepale juu ya mapenzi.

Jioni ile alifungua tovuti yake na kuitazama kama vile ni ya mtu mwingine, na aibu ikamshika masikio. Aliitengeneza kama watu wa Goma wanavyotengeneza tangazo lolote, liwe la arusi, la kilio au la duka jipya: afishi. Kila ukurasa ulikuwa picha moja kubwa. Maua mekundu kwenye pembe nne, mwali wa moto katikati, muzee Birindwa ndani ya suti ya arusi yake mwenyewe, na maandishi ya rangi ya dhahabu yaliyochorwa juu ya picha. Afishi ilikuwa nzuri, watu waliitumiana kwenye simu na kuisifu. Lakini mashine inayopita kwenye tovuti hutafuta maneno yaliyoandikwa, na pale hakukuwa na neno hata moja lililoandikwa. Yote yalikuwa rangi tu. Mashine ilifika, ikakuta ua, ikakuta mwali, ikakuta suti, ikaondoka.

Na jina lenyewe! Birindwa alikuwa ameibatiza atelie yake, karakana ya majiko, DIEU MERCI, baada ya kujenga upya nyumba iliyofunikwa na volkano. Ni jina zuri la kumshukuru Mungu, tatizo ni kwamba nusu ya Goma inamshukuru Mungu kwa maneno yaleyale. Kuna saluni Dieu Merci, kuna duka la vocha Dieu Merci, na Rodrigue alipoiuliza mashine habari za Dieu Merci wa Goma, ilimpeleka kwenye famasi.

Anwani nayo ilisomeka hivi: “Katoyi, pale palikuwa kwa Papa Dieudonné, mbele ya muti ya avoka.” Papa Dieudonné alikwisha hamia Beni na mparachichi wenyewe ulikatwa ukawa makala. Mtu wa Katoyi angefika pale hata akiwa amefumba macho. Mwingine yeyote angefika kwa huruma ya Mungu.

Basi Rodrigue akatupa maua, akatupa mwali, suti akaihifadhi pembeni kwa heshima, akaanza kuandika maneno. Aliandika usiku na mchana, kesho yake akaja kumsomea muzee: “Birindwa, fundi bingwa wa Goma, anakuletea suluhisho la kisasa...”

“Futa,” alisema Birindwa.

Akaandika tena. “Mbabula bora kuliko zote...”

“Futa.”

“Nambari moja katika Kivu...”

Mama Nshobole, mke wa muzee, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akainua kichwa. “Nambari moja? Nani alihesabu?”

“Sikia, mutoto,” Birindwa alisema, na sauti yake haikuwa kali. “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sijasimama hata siku moja barabarani kusema mbabula yangu ni ya muzuri. Mwenye kupikia juu yake atasema. Sasa leo unataka nijisifu mbele ya dunia nzima? Watu watacheka. Watasema Birindwa amezeeka vibaya.”

“Lakini, Papa, unataka mashini iseme jina yako.”

“Nataka iseme. Sijasema nataka kuiambia.”

Jamani! Rodrigue alitoka pale kichwa kinamuuma. Muzee anataka kutajwa lakini hataki kujitaja, anataka kujulikana lakini hataki kujulisha. Wiki nzima kijana alizunguka na tatizo hilo. Alipunguza maneno, akaongeza, akaomba ruhusa ya kuandika angalau “mbabula nzuri”, na muzee akauliza nzuri kwa nani. Kwaresima ilikuwa inakwenda, wala haikumsubiri mtu.

Aliyeleta nuru alikuwa mteja, mama mmoja aitwaye Mukashyaka, aliyetoka Kalengera kutafuta jiko la arusi ya kijana wake. Alifika amechoka na amekasirika. Alikuwa ameelekezwa mti wa avoka, akauliza mti wa avoka kila kona, akazungushwa Katoyi yote na watu waliomhakikishia kwamba upo hapo mbele. Rodrigue alikuwa amekaa juu ya pipa lililopinduliwa, simu mkononi, amekata tamaa. Mama yule hakumwona hata kidogo. Aliizunguka mbabula kubwa, akaipiga teke la kuijaribu, akaanza.

“Papa, hii inaweza kubeba sufuria ya maharagi ya arusi?”

“Inabeba sufuria ya kilo cinquante,” Birindwa akajibu. “Zaidi ya pale, miguu itapinda.”

“Inakulaka makala mingi?”

“Ukilalisha maharagi mu maji, nusu ya gunia inamaliza arusi nzima. Usipoilalisha, usinilaumu mimi, laumu maharagi.”

“Na udongo ya ndani haipasuke?”

“Inapasukaka, kama unazimisha moto na maji. Acha makala ifie mule yenyewe. Ikipasuka, unaileta, tunapaka ingine.”

“Itafika Kalengera na pikipiki?”

“Itafika, kama unaifunga miguu juu. Udongo haipendi mashimo.”

“Na kwa nini ninunue yako, nisinunue ile ya soko?”

“Ile ya soko siijue, mama. Uliza mwenye kuitengeneza.”

Mama Mukashyaka akacheka, hasira zote zikaisha, akalichukua jiko.

Rodrigue alikuwa amesimama. Hakujua alisimama saa ngapi. Kwa wiki nzima alikuwa akimsukuma muzee ajisifu, na muzee alikataa kila neno. Na hapa mbele yake mzee huyohuyo amesema kila kitu ambacho mtu angetaka kujua juu ya mbabula, hadi ubovu wake, bila kusita na bila kujisifu hata chembe. Tofauti ilikuwa moja tu: aliulizwa. Kwa Bashi, kabila la Birindwa, na hata kwao Masisi, kujitangaza ni utovu wa adabu, lakini kumnyima jibu mgeni aliyekuuliza ni utovu mkubwa zaidi. Na watu wenye simu wanafanya nini, kama si kuuliza? Na mashine yenyewe inatafuta nini, kama si mahali ambapo swali lile limekwisha jibiwa kwa maneno ya wazi?

“Papa!” aliita kwa nguvu mpaka nyundo ikasimama hewani. “Nisiandike sifa. Niandike tu maswali ya watu, na vile unajibu.”

Birindwa alifikiri. Akapiga chuma mara moja, akafikiri tena.

“Maswali ya watu kweli kweli? Haina ya kutunga?”

“Haina ya kutunga.”

“Andika. Lakini swali yenye hakuna mutu aliuliza, usiitie mule.”

Kuanzia siku hiyo pipa lile lililopinduliwa likawa ofisi ya Rodrigue. Kila mteja aliyeingia, yeye alinasa maswali kwa simu, na jioni aliyaandika yote pamoja na majibu. Wateja walipojua, walianza kuuliza zaidi, wengine kwa uchokozi tu. Mama mmoja wa Kituku aliuliza kama mbabula ya soko inaweza kukaanga sambaza siku ya upepo. “Inaweza, kama unageuza kilango kiangalie nyumba, kisiangalie ziwa.” Mwingine aliuliza jina la atelie, maana yeye alikuwa ametumwa dawa ya kikohozi kwa Dieu Merci. Muzee akajibu: “Inaitwa Dieu Merci. Fundi ni Birindwa. Hatuuze dawa.” Rodrigue aliliweka swali hilo juu kabisa, la kwanza, na akalipenda kuliko yote.

Suala la mti wa avoka lilileta ubishi wa siku mbili. Muzee alishikilia kwamba kila mtu anaujua. Gisèle akamkumbusha mama wa Kalengera. Mwishowe mti ulipumzishwa kwa amani, na mahali pake pakaandikwa mambo yanayoonekana kwa macho: Goma, quartier Katoyi, bomba la maji, mlango wa bluu upande wa kushoto. Na pale Rodrigue alipoomba wateja waseme kwenye kurasa zao walikonunua jiko, muzee hakupinga. “Wenye kupika wakisema, hiyo si mimi.” Mama Mukashyaka aliweka picha ya arusi ya kijana wake, mbabula iko mbele, maarusi wako nyuma.

Kisha Rodrigue akafanya kosa, na alilifanya kwa kiburi cha shule. Maneno ya muzee yalikuwa ya Kiswahili cha nyumbani, na yeye aliona tovuti ya heshima lazima ivae Kifaransa. Akayageuza yote, yakawa Kifaransa safi cha kupigiwa pasi, akayaweka mtandaoni, akangoja. Mashine hizi haziji kusoma siku ileile. Zinapita kwa zamu zao, kama padri anayezungukia vigango. Alingoja mpaka kucha zake zikaisha. Jumatano moja, Pasaka ikiwa imekaribia, aliuliza tena kwa Kifaransa: nani anatengeneza mbabula kubwa Goma? Na mashine ikajibu: Birindwa, atelie Dieu Merci, Katoyi.

Alikimbia kutoka chumbani kwake hadi bombani akipiga kelele kama timu yake imefunga. Gisèle akasoma, akaruka, akampaka udongo shati lote. Walifurahi hivyo kwa dakika chache zilizo tamu kuliko asali. Halafu Gisèle akasimama.

“Baba mudogo Munguakonkwa hataulizaka na Kifaransa.”

“Anajua Kifaransa.”

“Anajua. Lakini na simu anaongea Kiswahili, sawa vile anaongea na sisi. Lete.”

Akaichukua simu, akauliza kama baba yake mdogo angeuliza, kwa Kiswahili cha Kivu, bila pambo. Mashine ikaomba radhi. Haikumpata mtu wa namna hiyo. Ikashauri waulizie sokoni.

Rodrigue akakaa chini juu ya jiwe. “Nimetupa maneno ya Papa,” alisema. “Yalikuwa mazuri, na nimeyatupa.”

“Haujayatupa, uko nayo ndani ya simu. Yarudishe.”

Lakini hakupata nafasi ya kuyarudisha. Jioni hiyohiyo mama Nshobole alimwita pembeni na kumkumbusha desturi: kuanzia siku hizo hadi présentation, kijana anayeposa hakanyagi uwanja wa nyumba ya msichana, haonekani bombani, wala hapigi simu kila saa kama muuza vocha. Rodrigue alijaribu kueleza habari za tovuti. Mama Nshobole alimsikiliza mpaka mwisho, akamtakia Pasaka njema.

Hivyo kazi iliyobaki ikamwangukia Gisèle. Rodrigue alimtumia rekodi zote na neno la siri la kufungulia tovuti. Neno la siri lilikuwa “Gisèle” na mwaka wake wa kuzaliwa. Gisèle alimgombeza kwa ujumbe mrefu kwamba hata mtoto angeweza kulifungua, kisha siku nzima mama yake akashangaa kwa nini binti anatabasamu akipaka udongo. Jioni alikaa na baba yake atelieni, wakaandika kila swali na kila jibu kwa Kiswahili, kama yalivyotoka kinywani. Kifaransa wakakiacha pembeni kwa wenye kukipenda.

Je, mashine itapita tena kusoma kabla ya Jumapili ile? Rodrigue hakujua. Aliapa kutoijaribu, akaijaribu, ikaomba radhi, akaizima simu na kuifungia sandukuni. Usiku wa kuamkia siku yenyewe hakulala sana.

Walifika wanane kutoka Masisi, wakiongozwa na ami yake, papa Zéphirin, mfugaji mrefu mwenye fimbo ya kazi na maneno machache ya thamani. Kwa desturi yeye ndiye angesema yote. Rodrigue kazi yake ilikuwa kukaa na kunyamaza. Uwanja wa Birindwa ulikuwa umefagiwa na kumwagiwa maji. Maharagi yalichemka juu ya mbabula ya arusi. Munguakonkwa alikuwa ameketi katikati, mwenye furaha kama askofu wa kipaimara, simu yake mpya juu ya goti.

“Mbele ya ng'ombe,” alitangaza, “kuna kazi ndogo.”

Watu wakasogea. Akaisogeza simu mdomoni, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: “Niambie, nani pa Goma anatengenezaka mbabula ya kubwa ya kupikia arusi?”

Mtandao ukasitasita. Duara dogo likazunguka kwenye kioo, likazunguka, likazunguka. Mtu akakohoa. Rodrigue aliona chupa za Fanta zimepangwa mezani na akazichukia moja moja. Kisha mashine ikasema, kwa kile Kiswahili chake cha redio:

“Mjini Goma, katika mtaa wa Katoyi, fundi Birindwa wa atelie Dieu Merci hutengeneza mbabula kubwa za kupikia arusi. Jiko hilo hubeba sufuria ya kilo hamsini za maharagi. Inashauriwa kulowesha maharagi kwanza. Atelie hiyo haiuzi dawa.”

Uwanja ukalipuka. Mama Nshobole alipiga vigelegele, majirani wakaitikia juu ya ukuta, Munguakonkwa akapiga paja lake na kuapa kwamba hata Bukavu watasikia. Papa Zéphirin, aliyekuwa hajui kwa nini maharagi yanashangiliwa hivi, alishangilia pia. Rodrigue alifunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa ameshinda.

Muzee Birindwa peke yake hakusimama. Alingoja kelele zipungue, akainua mkono.

“Bado. Iulize tena. Uliza hivi: na kama Birindwa hayuko, niulize nani?”

Munguakonkwa alimtazama kaka yake, akaipelekea simu swali lile neno kwa neno. Duara likazunguka.

“Kwa mujibu wa tovuti ya fundi Birindwa, ikiwa hayupo, uliza binti yake Gisèle, au mkwe wake, Rodrigue.”

Sauti pekee ilikuwa ya maharagi.

“Mukwe?” papa Zéphirin akasema polepole. “Lakini hatujatoa hata kwato ya ng'ombe.”

Na hapo Rodrigue alivunja desturi. Alisimama. Alikuwa ameuzoea kila mstari wa ukurasa ule, maana kila mstari aliunasa kwa mkono wake, na huo hakuwahi kuusikia. Akamtazama Gisèle mlangoni. Gisèle alikuwa anatazama chini, machozi yanamtoka huku anacheka.

“Papa,” alisema, “ile swali hakuna mutu aliuliza. Nilikaa juu ya pipa kila siku. Wewe mwenyewe ulisema, yenye hakuna mutu aliuliza tusiitie.”

“Mutu aliuliza.”

“Nani, Papa?”

“Mimi.” Birindwa aliitazama mikono yake, mikono ya chuma na majivu, akaifumba. “Wiki haukuwa unakuya, atelie ilikuwa kimya. Nikapiga nyundo, nikaona hata nyundo imekuwa nzito. Nikajiuliza: Birindwa, siku hauko tena hapa, watu watauliza nani? Ilikuwa swali ya kweli. Nikamwambia Gisèle aandike.”

Rodrigue, ambaye siku ile hakupaswa kusema hata neno, tayari alikuwa amesema mengi. Aliongeza mawili.

“Niko, Papa.”